Bandia, ghushi, sanisi au unde: neno lipi kwa kitu kisicho cha asili?

Miaka michache iliyopita niliombwa kutafsiri kipeperushi kwa ajili ya wakulima wa viazi na mahindi wa Molo na Njoro, huko Nakuru, Kenya, na kila mahali palipotajwa mbolea za kiwandani nikaandika, bila kusita, "mbolea bandia". Kamusi iliniunga mkono, kwa kuwa bandia ni kitu kilichotengenezwa na binadamu kwa mfano wa kitu halisi. Siku ya mafunzo, mzee mmoja aliyeketi nyuma alikisoma kipeperushi polepole, akainua mkono na kuuliza: "Mwalimu, hapa mmeandika tutie mbolea bandia wakati wa kupanda. Sasa ile ya kweli tutaitia lini?"

Watu walicheka, nami nikacheka nao, lakini swali lenyewe halikuwa mzaha. Neno nililolichagua lilikuwa limebeba mizigo miwili, na mkulima alipokea mzigo ambao sikukusudia kumpa. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyapima maneno yanayotumika kwa vitu visivyo vya asili, na nimeona kwamba Kiswahili hakina neno moja linalofaa kila mahali, wala hakilihitaji. Kina maneno kadhaa yanayokaribiana, na kila moja lina nyumba yake. Ulinganisho ufuatao unamlenga mwandishi, mwalimu au mfasiri anayelazimika kuchagua.

Nianze na bandia, kwa kuwa ndilo linalokuja kwanza ulimini. Maana yake ya zamani ni mwanasesere. Mtoto wa bandia ni yule wa matambara ambaye msichana humbeba mgongoni, humlisha na kumlaza, huku akijua fika kwamba hapumui. Picha hiyo inafaa kuwekwa akilini kwa sababu ndani yake mna mambo yote ambayo neno hili bado linayabeba: kuna kitu cha kwanza, kuna cha pili kilichofanywa kwa sura ya kile cha kwanza, na hiki cha pili kinashika nafasi ya mwenzake. Hakuna udanganyifu wowote hapo, kwa maana msichana hajadanganyika. Kwa maana hii hiyo tunasema meno ya bandia, mguu wa bandia, kope za bandia, nywele za bandia, ngozi bandia ya viatu na nyasi bandia za uwanja wa mpira, na hakuna anayetukanwa. Mwenye meno hayo anajua anachokivaa.

Maana ya pili ilijitokeza pale kitu cha pili kilipopewa mtu asiyejua. Noti bandia ina sura ya noti na inataka kushika nafasi ya noti, sawasawa na mwanasesere anavyoshika nafasi ya mtoto, ila mwenye duka anayeipokea hakuambiwa. Leo maana hii ndiyo inayosikika zaidi redioni na magazetini, kiasi kwamba imeanza kuifunika ile ya kwanza. Kwa hiyo, kabla ya kuandika bandia, mwandishi na ajiulize kama mtumiaji wa kitu hicho anajua kwamba si cha asili. Ikiwa ni wazi kwa kila mtu kwamba anajua, kama ilivyo kwa meno na miguu, neno liko salama. Ikiwa ni kitu kinachonunuliwa na ambacho mnunuzi hana njia rahisi ya kukitambua, neno litageuka kuwa shutuma hata kama mwandishi hakukusudia.

Mbolea, mbegu, maziwa na dawa ndizo bidhaa ambazo mitego ya namna hii ni mingi zaidi. Chukua dawa za malaria, jambo ambalo watu wa Kisumu na kandokando ya Ziwa Victoria hawahitaji kuelezwa. Kwinini hutokana na gamba la mti wa sinkona, ilhali klorokwini haina mti wowote nyuma yake. Iliundwa maabara mwaka 1934. Kwa mantiki tupu ya kamusi, mtu angeweza kuiita klorokwini dawa bandia, kwa kuwa ni kazi ya mikono ya binadamu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Lakini hakuna muuguzi atakayeisema sentensi hiyo mbele ya wagonjwa. Dawa bandia, katika masikio ya kila mtu, ni kidonge cha chokaa kilichofungwa katika pakiti nzuri. Vivyo hivyo, maziwa ambayo mama humpa mtoto badala ya kumnyonyesha huitwa maziwa ya kopo, na ni vyema yabaki na jina hilo, kwa sababu maziwa bandia yatamfanya mama alitupe kopo.

Ghushi ni neno la ukoo mwingine. Lina asili ya Kiarabu, na kiini chake ni udanganyifu. Kughushi, kwa maana yake ya zamani, ni kutia kitu duni ndani ya kitu safi ili kuongeza uzito au ujazo: maziwa yaliyotiwa maji yameghushiwa, na dhahabu iliyochanganywa na shaba imeghushiwa. Baadaye neno lilipanuka likahusu hati na sahihi, na siku hizi vyeti ghushi ni maneno ya kawaida katika taarifa za kazi na za mahakama.

Dhahabu inatusaidia kuona mpaka kati ya maneno haya mawili, na magharibi ya Kenya ina haki ya kuitumia kama mfano, kwa sababu Kakamega ilivutia wachimbaji wengi wa dhahabu katika miaka ya 1930, na mgodi wa Rosterman bado unatajwa na wenyeji. Kipande cha shaba tupu kilichong'arishwa na kuuzwa kama dhahabu ni dhahabu bandia, kwa kuwa hakina dhahabu ndani yake hata chembe. Kina sura tu. Kipande chenye dhahabu kidogo iliyozidishwa kwa shaba ni dhahabu iliyoghushiwa, kwa kuwa kitu halisi kimo, ila kimechafuliwa. Nakiri kwamba wazungumzaji wengi hawautunzi tena mpaka huu, na gazeti linaweza kuandika mbolea bandia katika kichwa cha habari na mbolea ghushi katika aya ya kwanza, likimaanisha gunia lilelile. Hata hivyo mwandishi makini ana faida akiutunza, hasa anapoeleza jinsi ulaghai ulivyofanyika.

Ghushi ina faida nyingine ambayo bandia haina, nayo ni kitenzi. Unaweza kusema fulani ameghushi sahihi, hati imeghushiwa, mghushi amekamatwa. Kutoka katika bandia hatupati kitenzi chochote kilichokubalika, na anayetaka kutaja mtendaji analazimika kuzunguka: "mtengenezaji wa noti bandia". Pia ghushi haina maana ya pili isiyo na hatia, kwa hiyo haimwachi msomaji njia panda. Hakuna meno ghushi. Mtu akiandika hivyo, tutadhani daktari wa meno anatafutwa na polisi. Kwa maandishi ya kisheria, na hasa tangu Kenya ilipopitisha sheria ya kupambana na bidhaa za aina hiyo mwaka 2008, mimi huchagua ghushi bila kujiuliza mara mbili.

Kuhusu feki sina mengi. Ni neno la soko, na katika soko la Kibuye, Kisumu, linafanya kazi yake vizuri kuliko mengine yote kwa sababu ni fupi na mnunuzi hulitamka huku akiurudisha mkoba mahali pake. Katika maandishi rasmi liachiwe vinywa vya wanaonukuliwa.

Tukitoka kwenye udanganyifu tunafika kwenye kundi la vitu ambavyo havimwigi mtu wala havimdanganyi, ila vimetengenezwa kwa kuunganisha kemikali. Hapa ndipo sanisi inapostahili kuingia. Msomaji wa vitabu vya sayansi vya Kiswahili amekutana na jamaa yake katika usanisinuru, yaani kazi ya majani ya mimea kujijengea chakula kwa nguvu ya mwanga. Kusanisi ni kujenga kitu kikubwa kutokana na viungo vidogo, na kitu sanisi ni kilichojengwa hivyo na mkemia badala ya jani. Nyuzi za nailoni na poliesta ni nyuzi sanisi. Pamba si sanisi, hata ikipita katika mitambo kumi.

Hakuna zao linaloeleza jambo hili vizuri kuliko pareto, ambayo kwa miongo mingi ilikuwa fahari ya Nakuru, wakati Kenya ilipoongoza dunia kwa kuizalisha. Maua yake meupe yana sumu inayowaangusha wadudu haraka na kisha kuharibika upesi juani, na ubora huo wa kuharibika upesi ndio uliokuwa pia udhaifu wake machoni pa wanunuzi. Wakemia waliichunguza sumu hiyo, wakaanza kutengeneza ndugu zake maabara: wa kwanza alipatikana mwaka 1949, na permethrini, ambayo hustahimili jua kwa muda mrefu zaidi, ikafuata mwaka 1973. Leo vyandarua vingi vinavyotundikwa Kisumu na Busia vimetiwa dawa za ukoo huu. Je, tuziite pareto bandia? Mkulima wa Molo atakayesikia hivyo atafikiri kuna mtu anayesaga maua ya mwituni na kuyauza kwa jina la zao lake. Tukisema viuadudu sanisi vya jamii ya pareto, tumetaja chanzo, tumetaja namna ya utengenezaji, na hatujamtukana mtu yeyote. Ni maneno mengi, nakubali, lakini yanamlinda msomaji.

Udhaifu wa sanisi ni kwamba nje ya darasa halijulikani. Nilipojaribu kuandika "mbolea sanisi" katika toleo la pili la kile kipeperushi, afisa wa kilimo aliniuliza kama nimekosea herufi. Hapo nikarudi kwa wakulima wenyewe kusikiliza wanavyosema, na jibu lilikuwa jepesi kuliko nilivyodhani: mbolea ya dukani, au mbolea ya kiwandani, dhidi ya samadi na mboji. Majina haya hayahukumu. Yanataja mahali kitu kilikotoka na kuishia hapo, jambo ambalo kwa mbolea ni uungwana, kwa kuwa yurea iliyomo katika gunia la kilo 50 haitofautiani kwa lolote na yurea iliyomo katika mkojo wa ng'ombe. Mkemia Mjerumani Friedrich Wöhler aliitengeneza kwa mara ya kwanza katika maabara mwaka 1828, na mmea hauulizi imetoka wapi. Kitu ambacho ni kilekile hakiwezi kuwa bandia ya chenyewe. Kipeperushi kikachapishwa upya kikisema "mbolea ya kiwandani" katika maelezo ya upandaji, na ukurasa wa mwisho ukabeba onyo kuhusu "mbolea ghushi". Onyo hilo lilikuja kuonekana la maana zaidi mwaka 2024, habari za mbolea isiyo mbolea zilipojaa magazetini na kufika Bungeni.

Njia hii ya kutaja chanzo au namna ya kushughulikiwa ndiyo, kwa maoni yangu, njia iliyo karibu zaidi na moyo wa Kiswahili, na mara nyingi tunaipita kwa sababu tunatafuta kivumishi kimoja cha jumla. Sikiliza mazungumzo ya siku moja tu katika miji yetu. Pale Dunga, ufukweni Kisumu, mnunuzi huuliza kama samaki ni wa ziwani au wa kufugwa, na samaki wa vizimba hawaitwi bandia hata na anayewadharau. Msitu wa Kakamega ni msitu wa asili. Mistari ya misonobari na misaiprasi iliyopandwa katika nyanda za juu ni msitu wa kupandwa. Maji ya Turkwel yaliyozuiwa kwa ukuta ni bwawa, na neno bwawa limekwisha kusema kila kitu. Kuku ni wa kienyeji au wa gredi. Dawa ni za miti shamba au za hospitali. Ndama aliyezaliwa baada ya mtaalamu kuja na mbegu zilizogandishwa hana jina la pekee kabisa, kwa sababu mbinu, ambayo wataalamu huiita uhimilishaji, ndiyo isiyo ya asili, wala si ndama. Nimewahi kusoma mahali "ng'ombe waliozalishwa kibandia", nikamhurumia aliyeandika na ng'ombe pia.

Hata methali ya wahenga kuhusu kiungo kisicho cha asili haitumii bandia. Jino la pembe si dawa ya pengo, walisema, na walichokitaja ni malighafi: pembe. Vivyo hivyo wauzaji wa mashada ya mazishini husema maua ya plastiki, na mteja huelewa yatakaa kaburini kwa muda gani. Malighafi inapojulikana na ina maana kwa msomaji, itaje. Humpa habari nyingi kuliko bandia, ambayo humwambia tu kitu hicho si nini.

Tahadhari ndogo kuhusu "-a kubuni". Wapo wanaoandika "ziwa la kubuni" au "moyo wa kubuni" wakimaanisha vilivyotengenezwa. Kubuni ni kutunga kwa fikra, na kitu cha kubuni ni kile kisichokuwapo nje ya fikra hizo, kama wahusika wa hadithi. Ziwa la kubuni halina maji. Kwa vitu vinavyoonekana, "kilichotengenezwa" au "kilichoundwa na binadamu" inatosha, hata kama ni ndefu.

Limebaki suala ambalo huzua ubishi mkubwa zaidi siku hizi, nalo ni jina la akili ya kompyuta. Majina matatu yanashindana: akili bandia, akili mnemba na akili unde. Kenya unaweza kuyakuta yote matatu kwa wiki moja, na nimeona taarifa moja iliyoyatumia mawili kana kwamba ni mitambo tofauti.

Akili bandia ina hoja yenye nguvu kuliko wapinzani wake wanavyokubali. Tukirudi kwa mwanasesere, kuna akili ya mtu, kuna chombo kilichofanywa kwa mfano wa kazi zake, na chombo hicho kinashika nafasi ya mtu katika kujibu, kutafsiri na kuchora. Hilo ni bandia kwa maana yake ya kale kabisa. Tatizo ni lilelile la mzee wa Molo: msikilizaji wa leo husikia akili ya uongo, na mjadala hugeuka kuwa wa kama mashine inadanganya, kabla hatujaeleza inafanya nini. Akili mnemba haina mzigo huo, lakini kwa msomaji wa bara haina mzigo wowote mwingine pia. Wengi wetu Mnemba tunakijua kama kisiwa kidogo karibu na Unguja, na mwanafunzi akiuliza kwa nini mnemba, mwalimu hana kitenzi wala mzizi wa kumwonyesha.

Akili unde inaweza kuchambuliwa ubaoni. Kitenzi ni unda, ambacho Waswahili wa pwani walikitumia kwa kazi ya fundi wa majahazi, na ambacho sasa tunakitumia pia kwa kamati, serikali na sera. Kiishio -e huonyesha kile kilichotendwa: aliyetumwa ni mtume, aliyeteuliwa ni mteule, kilichoumbwa ni kiumbe. Kwa kanuni hiyo, kilichoundwa ni unde. Napenda zaidi jinsi linavyokaa kando ya kiumbe, kwa sababu lugha yenyewe inatenganisha kazi mbili: Mungu huumba, fundi huunda. Neno halisemi kitu ni cha uongo wala halisemi ni bora. Linasema tu kwamba kuna fundi.

Lina upungufu wake. Bado limefungwa kwenye akili, na linapojaribiwa kwingine linayumba: je, mkono uliotengenezwa ni mkono unde au mkono muunde? Viungo vitakuwa unde au viunde? Akili iko katika ngeli ambayo mara nyingi haidai kiambishi kinachosikika, na ndiyo maana swali halikujitokeza mapema. Bandia na ghushi hazina usumbufu huu kwa sababu hazibadiliki: kitu bandia, vitu bandia, mtu bandia, hati ghushi, vyeti ghushi. Unaweza pia kuiweka bandia pamoja na kihusishi, meno ya bandia, au bila hicho, meno bandia, na zote mbili ni Kiswahili safi, ingawa sikio langu huona ile yenye kihusishi kuwa ya upole zaidi inapohusu mwili wa mtu.

Kwa hiyo sitamshauri mtu aanze kuandika mguu unde wakati mwenye mguu huo mwenyewe anauita wa bandia na hajali. Lakini kwa akili ya kompyuta nimeshachagua. Ninapoandikia wasomaji wa Kisumu au Nakuru, ambao huenda wamesikia jina moja redioni na jingine darasani, huandika akili unde, kisha mara ya kwanza tu naongeza "ambayo wengine huiita akili bandia au akili mnemba", na kuanzia hapo hadi mwisho wa makala nashikilia jina moja.